Wakati Halisi au Umri wa Bei? Uhakiki wa Dhana ya Kasi katika Kadi za Siriali za Kupokelea Bei za Masoko

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya "wakati halisi" kama inavyotumika kuelezea upokeaji wa bei za masoko ya hisa na bidhaa kupitia kadi za siriali za kasi kubwa. Hoja kuu ni kwamba dhana hiyo inafungasha pamoja sifa tatu zinazotofautiana: kasi ya njia, ukamilifu wa ujumbe na upya wa bei. Uchambuzi wa utendaji wa kadi hizo unaonyesha kwamba sifa zilizokuwa msingi wa ubora wake zilihusu zaidi ukamilifu, na kwamba soko linapochangamka ukamilifu huo unaweza kupatikana kwa kuutoa mhanga upya wa bei. Makala yanaendelea kuonyesha kwamba tafsiri ya Kiswahili, kwa kutumia neno "halisi", inalizidisha tatizo hilo kwa kumwahidi mtumiaji jambo ambalo mtambo haukuwahi kuliahidi. Inapendekezwa kwamba mjadala wa Kiswahili kuhusu taarifa za masoko ujengwe juu ya dhana ya "umri wa bei".

1. Utangulizi

Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya intaneti ya kasi kuenea, mwekezaji mdogo wa Marekani aliyetaka kuona bei za soko zikibadilika mbele ya macho yake alihitaji vitu vitatu: chanzo cha bei, kompyuta, na njia ya kuviunganisha. Chanzo kiliweza kuwa mawimbi ya pembeni ya kituo cha redio ya FM, ishara iliyopachikwa ndani ya matangazo ya televisheni ya kebo, dishi la setilaiti, au laini ya simu iliyokodiwa. Njia ya kuingilia kwenye kompyuta, hata hivyo, mara nyingi ilikuwa moja: poti ya siriali, yaani mlango unaopitisha biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Poti iliyokuja na kompyuta ilipoonekana kuelemewa, mtumiaji alishauriwa kununua kadi maalumu ya siriali yenye kasi kubwa zaidi na kuichomeka ndani ya mashine yake. Ofisi za madalali nazo zilitumia kadi zenye poti nne, nane au zaidi ili kuhudumia vituo vingi kwa kompyuta moja.

Ushauri huo ulikuwa sahihi kiufundi. Hata hivyo, sababu iliyotolewa mara kwa mara, kwamba kadi ya kasi humletea mtumiaji bei za "wakati halisi", haikuwa sahihi kwa kiwango hichohicho. Umuhimu wa kuihakiki sababu hiyo leo hautokani na kadi zenyewe, ambazo nyingi zimekwisha kuondolewa mezani. Unatokana na ukweli kwamba lugha iliyozizunguka imebaki na kuhamia kwenye programu za simu. Zaidi ya hayo, lugha hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili bila kuulizwa inamaanisha nini. Mtu anayenunua au kuuza kwa kutegemea tarakimu iliyo kwenye kioo ana haki ya kujua kama tarakimu hiyo inaeleza soko lilivyo au lilivyokuwa.

2. Utepe uliochelewa: chimbuko la tatizo

Kadi ya siriali haikuleta tatizo jipya. Ilirithi tatizo la mashine ya utepe. Mashine hiyo, iliyobuniwa na Edward Calahan mwaka 1867 jijini New York, ilipokea ishara za telegrafu na kuchapa alama za hisa na bei zake kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Kimsingi ulikuwa mfumo wa siriali: herufi moja ilifuata nyingine katika njia moja, na kasi ya mfumo mzima ilipimwa kwa idadi ya herufi ambazo njia iliweza kubeba kwa dakika.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika tarehe 24 Oktoba 1929. Siku hiyo hisa zaidi ya milioni 12 ziliuzwa katika Soko la Hisa la New York. Mashine za wakati huo zilichapa herufi 285 hivi kwa dakika, kiwango kilichotosha kwa siku ya kawaida, lakini si kwa siku ya hofu. Utepe ulianza kubaki nyuma asubuhi, na ulimaliza kuchapa mauzo ya siku hiyo zaidi ya saa nne baada ya soko kufungwa. Mashine hazikuwa zimeharibika. Kila herufi iliyochapwa ilikuwa sahihi, na kila bei ilikuwa imepatikana kweli sokoni. Kasoro ilikuwa moja tu: msomaji alikuwa akisoma historia akidhani anasoma habari.

Tukio hilo lina funzo la pili ambalo halitajwi mara nyingi. Utepe ulipokuwa umechelewa, bei za hisa chache zilizoteuliwa zilitumwa mara kwa mara kutoka sakafu ya soko kupitia mashine nyingine iliyokuwa ya hati fungani. Bei hizo zilikuwa chini mno kuliko zilizokuwa zikichapwa wakati uleule kwenye utepe mkuu. Hivyo wateja walikuwa na vyanzo viwili, vyote vikisema kweli, lakini vikipingana. Chanzo kimoja kilikuwa kamili lakini cha zamani. Kingine kilikuwa na mapengo lakini kipya. Mwaka uliofuata soko lilianza kutumia mashine mpya zenye uwezo wa herufi 500 kwa dakika. Jibu lililotolewa, kwa maneno mengine, lilikuwa kasi. Swali la namna msomaji atakavyojua umri wa bei anayoisoma liliachwa kama lilivyokuwa.

3. Kazi ya kadi: kuizuia herufi isipotee

Ili kuhakiki madai ya kasi ni lazima kueleza kwanza kadi ya siriali hufanya nini. Katika mpangilio uliozoeleka, kila herufi husafiri kwa biti kumi: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe na moja ya kumalizia. Kwa hiyo njia ya biti 9,600 kwa sekunde hubeba herufi 960 kwa sekunde, na herufi moja huchukua milisekunde moja hivi kupita. Njia ya biti 115,200 kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyokuwa kikomo cha poti ya kawaida ya kompyuta za aina ya IBM PC, hubeba herufi 11,520 kwa sekunde. Hapo herufi moja hupita kwa takribani mikrosekunde 87.

Chipu ya siriali iliyotumika katika kompyuta za kwanza za IBM PC, yaani 8250, ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu iliyokwisha kupokelewa. Kila herufi ilipofika, chipu iliikatiza prosesa ili ije iichukue. Kama prosesa ilikuwa inachora grafu au inaandika kwenye diski, na herufi ya pili ikakamilika kabla ya ile ya kwanza kuchukuliwa, moja kati ya hizo ilipotea. Chipu ya baadaye, 16550A, iliongeza foleni ya herufi 16. Kwa kasi ya juu iliyotajwa, foleni hiyo iliipa prosesa nafasi ya zaidi kidogo ya milisekunde moja badala ya mikrosekunde 87. Kadi za gharama kubwa zaidi zilikwenda mbali: zilikuwa na kumbukumbu kubwa na prosesa yake zenyewe, hivyo kompyuta ililetewa herufi kwa mafungu na kupunguziwa usumbufu.

Katika taarifa za bei, herufi moja inayopotea si jambo dogo. Bei ya 1325 ikipoteza tarakimu yake ya tatu huwa 135. Biti ya ulinganifu, ambayo wengi waliitegemea kama kinga, haiwezi kuligundua kosa hilo, kwa kuwa hukagua biti zilizo ndani ya herufi moja na haina habari na herufi ambayo haikufika. Ni jumla ya ukaguzi ya ujumbe mzima ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba kitu kimepungua, na hapo programu hulazimika kuutupa ujumbe wote.

Kuna sababu nyingine iliyofanya upotevu uwe mzito zaidi katika bei kuliko katika kazi nyingine za siriali. Modemu mbili zinazozungumza huweza kuombana kusubiri; upande uliolemewa hutoa ishara, na upande wa pili husitisha utumaji. Matangazo ya setilaiti au ya redio hayana mazungumzo ya namna hiyo. Mtangazaji mmoja hutuma kwa maelfu ya wapokeaji, na hawezi kumsubiri mmoja wao ambaye kompyuta yake imezubaa. Ishara ya kusubiri iliyotolewa na kompyuta iliishia kwenye kisanduku cha kupokelea kilichokuwa pembeni mwake, nacho kilikuwa na kumbukumbu yenye kikomo. Baada ya hapo herufi iliyopotea ilikuwa maji yaliyomwagika, hadi bei nyingine ya hisa hiyo itangazwe.

Maelezo haya yanatosha kuthibitisha kwamba kadi nzuri ilikuwa kinga halisi dhidi ya hasara halisi. Lakini yanathibitisha pia kwamba kinga hiyo ilihusu ukamilifu. Kadi haikuweza kuifanya setilaiti itume kwa kasi kubwa zaidi. Kama mtangazaji alituma kwa biti 19,200 kwa sekunde, kadi yenye uwezo wa mara kumi ya kiwango hicho haikuileta herufi mapema zaidi. Iliihakikishia tu mahali pa kufikia. Neno "kasi" katika jina la kadi lilieleza uwezo wa kuvumilia msongamano, ilhali mnunuzi alilisikia kama ahadi ya kutangulia.

4. Foleni inapogeuza upotevu kuwa ucheleweshaji

Hoja iliyotangulia inaweza kuonekana kuwa ni ya ubishi wa maneno tu. Madhara yake hudhihirika pale soko linapochangamka. Chukua mfano wa njia ya biti 19,200 kwa sekunde na ujumbe wa bei wenye herufi 40. Njia hiyo hubeba ujumbe 48 kwa sekunde. Ikiwa soko linazalisha ujumbe 30 kwa sekunde, kila bei hupita mara tu inapotokea. Ikiwa kwa dakika kumi soko litazalisha ujumbe 60 kwa sekunde, kila sekunde itaacha ujumbe 12 ukisubiri, na mwisho wa dakika hizo foleni itakuwa na ujumbe 7,200. Bei itakayoingia mwishoni mwa foleni hiyo itasubiri sekunde 150 kabla ya kufika kwenye kioo.

Katika mfano huu hakuna herufi iliyopotea. Vipimo vyote vya ubora wa kadi vimetimizwa: hakuna makosa ya upokeaji, hakuna ujumbe uliotupwa, na mpangilio wa bei umehifadhiwa. Hata hivyo mtumiaji anaona bei ya dakika mbili na nusu zilizopita, tena katika wakati ambao bei inabadilika kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Foleni imeugeuza upotevu kuwa ucheleweshaji. Kosa hili ni gumu kutambulika kuliko lile la kwanza. Bei iliyopotea huacha pengo ambalo programu makini inaweza kuliona. Bei iliyochelewa hufika ikiwa nzima, na tarakimu zake zikiendelea kucheza kwenye kioo kana kwamba soko liko mlangoni.

Msongamano wa namna hii huweza kutokea kwa mtangazaji, katika kisanduku cha kupokelea, ndani ya kadi, au ndani ya programu inayochora grafu. Popote unapotokea, dawa yake ni moja, nayo inapingana na sifa ileile inayosifiwa: ni kuziacha bei zilizopitwa na kubakiza iliyo mpya kabisa kwa kila hisa. Mfumo unaofanya hivyo hauko kamili, lakini uko karibu na soko. Mfumo usiofanya hivyo uko kamili, lakini unaweza kuwa mbali na soko. Anayehesabu jumla ya mauzo ya siku anahitaji ule wa pili. Anayetaka kuuza dakika hii anahitaji ule wa kwanza. Dhana ya "wakati halisi" haimwelezi mnunuzi kwamba kuna uchaguzi wa kufanya.

Kasoro moja ya programu huufanya ucheleweshaji uwe mgumu zaidi kuonekana. Pale ambapo ujumbe haukubeba saa ya soko, au programu haikuitumia, programu huipa bei saa ya kompyuta iliyoipokea. Bei iliyosafiri kwa dakika mbili na nusu huandikwa kana kwamba imezaliwa wakati wa kufika. Mtumiaji akiangalia saa iliyo pembeni mwa bei hana namna ya kujua. Hapa tatizo si kwamba taarifa ya umri haikuwapo. Ni kwamba imefutwa.

5. Ucheleweshaji unaouzwa na kasi isiyotosha

Uhakiki huu hauwezi kuishia kwenye waya na chipu, kwa sababu si kila ucheleweshaji ni ajali. Masoko makubwa ya hisa yamekuwa na desturi ya kuuza bei mpya kwa ada na kuruhusu bei zilizocheleweshwa, kwa kawaida dakika 15 au zaidi, zitolewe bure au kwa gharama ndogo. Katika mpangilio huu "wakati halisi" huwa jina la daraja la huduma, kama daraja la kwanza katika meli. Neno hilo halielezi tena hali ya bei, bali hali ya mkataba. Mtu aliyelipia daraja hilo huamini kwamba amenunua upya wa bei. Kwa hakika amenunua haki ya kutocheleweshwa kwa makusudi. Ucheleweshaji usio wa makusudi hubaki palepale.

Matukio ya baadaye yanathibitisha kwamba kuongeza kasi hakukuliondoa tatizo. Tarehe 6 Mei 2010, kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa karibu pointi 1,000 na kurejea sehemu kubwa ya kiwango chake ndani ya muda mfupi. Kufikia wakati huo kadi za siriali zilikuwa zimekwisha kupisha kadi za mtandao, na ujumbe ulihesabiwa kwa maelfu mengi kwa sekunde. Hata hivyo uchunguzi wa mamlaka za Marekani ulibainisha kwamba, katika msongamano wa siku hiyo, baadhi ya bei zilizotumwa kwenye mfumo wa pamoja zilichelewa kwa sekunde kadhaa, ilhali wateja wa njia za moja kwa moja walizipata mapema zaidi. Ilikuwa hali ileile ya vyanzo viwili vinavyosema kweli vikipingana, kama ilivyokuwa mwaka 1929.

Mfano wa upande wa pili ni soko la IEX, lililopewa hadhi ya soko rasmi la hisa nchini Marekani mwaka 2016. Soko hilo lilipitisha maagizo katika kebo ya faiba iliyoviringishwa yenye urefu wa maili 38, ili kuyachelewesha kwa mikrosekunde 350. Lengo lilikuwa kulipa soko nafasi ya kujua bei mpya kabla mwenye mtambo wa kasi hajaitumia bei ya zamani dhidi ya mwenzake. Mtu anaweza kukubali au kukataa ufanisi wa mbinu hiyo, lakini mantiki yake inafaa kuzingatiwa: waasisi wake walitambua kwamba kinachodhuru si upole wa njia, bali tofauti ya umri kati ya bei anayoiona mmoja na anayoiona mwingine.

6. Mzigo wa neno "halisi"

Katika uhandisi wa kompyuta, dhana inayotafsiriwa kama "wakati halisi" ilikusudiwa kutofautisha wakati wa ulimwengu ulio nje ya mashine na wakati wa mashine yenyewe. Mfumo wa aina hiyo si lazima uwe wa kasi. Unachotakiwa ni kutoa jibu ndani ya muda uliowekwa, na kushindwa kutoa jibu kwa muda huo huhesabiwa kuwa ni kosa, hata kama jibu lenyewe ni sahihi. Kwa kipimo hiki, mfumo unaofikisha kila bei ndani ya sekunde tano bila kukosa umetimiza sharti kuliko ule unaofikisha nyingi kwa milisekunde moja na nyingine, bila taarifa, kwa dakika mbili.

Kiswahili kimelipokea wazo hilo kwa "wakati halisi", na wakati mwingine "muda halisi", hasa katika tafsiri za programu. Neno "halisi" lina asili ya Kiarabu, na hubeba maana ya kitu safi kisichochanganywa: dhahabu halisi, asali halisi. Mzungumzaji wa Kiswahili hulitumia kutenganisha kitu cha kweli na cha bandia. Anaposoma "bei za wakati halisi", sifa hiyo humshika kwenye bei kabla ya kumshika kwenye wakati. Anaelewa kwamba bei hizi ndizo za kweli, na kwamba nyingine si za kweli. Lakini bei iliyochelewa si bandia; ni ya kweli iliyopitwa. Tofauti ya kweli na uongo imewekwa mahali palipohitaji tofauti ya mpya na kuukuu.

Mtu anaweza kupinga kwamba istilahi ni makubaliano tu, na kwamba watumiaji huzoea maana mpya bila kujali asili ya neno. Pingamizi hilo lina uzito kwa istilahi nyingi za fani, ambazo hutumiwa na wataalamu wenye ufafanuzi mkononi. Halina uzito sawa kwa istilahi inayokutana na mtu wa kawaida kwenye kioo cha simu, bila ufafanuzi, akiwa anaamua kuhusu akiba yake. Mtu huyo hana kamusi ya fani. Ana lugha yake ya kila siku, na lugha hiyo inamwambia kwamba kilicho halisi hakihitaji kukaguliwa.

Kiswahili hakikosi njia nyingine. "Papo hapo" hueleza ukaribu wa tukio na taarifa bila kudai uhalisi. "Kwa wakati", kama katika kufika kwa wakati, inakaribia zaidi sharti la kihandisi, kwa kuwa hudokeza kuwapo kwa muda uliowekwa na uwezekano wa kuukosa. Hata hivyo kubadilisha neno pekee hakutoshi, kwa kuwa neno lolote la sifa linaweza kugeuzwa tangazo. Kinachohitajika ni dhana inayopimika. "Umri wa bei", yaani muda uliopita tangu bei ipatikane sokoni hadi inaposomwa, ni dhana ya namna hiyo. Haiwi ndiyo au hapana; ina tarakimu, na tarakimu hiyo inaweza kuandikwa pembeni mwa bei.

7. Bei kongwe katika njia mpya

Faida ya dhana hii inaonekana vyema zaidi inapotumiwa katika masoko ya Afrika Mashariki, ambako tatizo lina sura tofauti. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Lile la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Na yote mawili yalianza kutumia mifumo ya kielektroniki ya uuzaji mwaka 2006. Wingi wa ujumbe katika masoko haya hauwezi kulinganishwa na ule wa New York, na hatari ya njia kuelemewa ni ndogo. Hata hivyo zipo hisa zinazoweza kumaliza siku nzima, au zaidi, bila kuuzwa hata moja. Bei ya mwisho ya hisa kama hiyo ikitumwa leo kwa njia ya kasi isiyo na dosari, itafika mara moja, nzima na bila makosa, ikiwa na umri wa siku kadhaa.

Hapa dhana ya "wakati halisi" inashindwa kabisa. Kwa kipimo cha njia, bei hiyo ni ya wakati halisi. Kwa kipimo cha mwenye hisa anayetaka kujua leo atapata nini akiuza, ni kumbukumbu tu. Tofauti kati ya New York ya mwaka 1929 na hali hii ni mahali ambapo umri umeongezeka: kule bei ilizeekea njiani, huku imezeekea sokoni kwenyewe. Msomaji wa kioo hawezi kuzitofautisha, wala hana haja ya kuzitofautisha, ili mradi ameonyeshwa umri. Tarehe na saa ya uuzaji wa mwisho, pamoja na bei za kununua na kuuza zilizopo wakati huo, zingemfaa kuliko uhakikisho wowote kuhusu kasi ya mtandao.

Inawezekana kusemwa kwamba mwekezaji mdogo anayekusudia kukaa na hisa zake kwa miaka hapaswi kujali sekunde wala dakika. Hilo ni kweli, nalo linaimarisha hoja hii badala ya kuidhoofisha. Kama umri wa dakika 15 haumdhuru, basi hana sababu ya kulipia ada, kununua kadi au kubadilisha simu kwa ajili ya "wakati halisi". Kujua umri wa bei kunamkinga mwenye haraka dhidi ya bei kuukuu, na kunamkinga asiye na haraka dhidi ya muuzaji wa haraka.

8. Hitimisho

Kadi za siriali za kasi kubwa zilikuwa suluhisho zuri la tatizo lililoelezwa vibaya. Zilizuia herufi zisipotee mahali ambapo mtangazaji hakuweza kuombwa kurudia, na kwa hilo zinastahili sifa zake. Hazikuwahi kuwa na uwezo wa kuifanya bei kuwa mpya kuliko ilivyotumwa, na foleni zake, pamoja na foleni nyingine zote zilizo njiani, ziliweza kuificha bei kuukuu ndani ya mwonekano wa uhai. Lugha ya "wakati halisi" ilizifunika tofauti hizo, na tafsiri yake ya Kiswahili imeongeza ahadi ya ukweli juu ya ahadi ya kasi.

Kutokana na uchambuzi huu, mfumo wowote wa kupokea bei unaweza kuhakikiwa kwa maswali matatu yasiyochanganywa: Je, ujumbe wote uliotumwa umefika? Je, msongamano unapotokea, mfumo hubakiza bei zote au bei mpya? Je, msomaji anaonyeshwa saa ambayo bei ilipatikana sokoni, au saa ambayo mashine yake iliipokea? Swali la kwanza ndilo lililojibiwa vizuri na watengenezaji wa kadi. La pili liliachwa kwa waandishi wa programu. La tatu, ambalo ndilo linalomgusa mwenye fedha, ndilo lenye jibu rahisi kuliko yote, na katika vioo vingi bado halijajibiwa.